Sala ya Sukari

Mama Mbone ndiye aliyenifundisha, mwaka ule wa ukame:
pindua gorogoro, gonga kitako kwa jiwe,
polepole, kama anayebisha hodi kwa mgonjwa,
mpaka bati liingie ndani kiasi cha kiganja.
"Macho ya mteja," alisema, "hukaa mdomoni mwa mkebe.
Hakuna anayeinama kutazama chini."

Miaka tisa nimepima hivyo, Soko la Kangemi,
rosekoko, mahindi, njugu.
Kilele nilikijaza vizuri, kikasimama kama paa la kanisa,
na mteja akashukuru, akaondoka na pengo.
Konzi moja tu ilibaki kwangu. Konzi ni nini?
Konzi ikawa karo. Konzi ikawa mabati ya jikoni.
Konzi ikawa, Mungu wangu, sadaka.

Maana Alhamisi ni mimi niliyeongoza maombi ya kina mama,
kitambaa cheupe, sauti ya kupanda na kushuka,
"Ewe Mwenye enzi, uketiye juu ya makerubi";
nilimtafutia Mungu majina marefu
asipate nafasi ya kuniita kwa langu.

Nafuna ana miaka sita.
Sala yake haifiki urefu wa njiti ya kiberiti:
"Mungu, nimelamba sukari. Ni mimi, si panya.
Samahani. Usiku mwema."
Kabla amina haijapoa, amelala,
viganja wazi juu ya blanketi kama mtu asiyedaiwa.
Mimi hubaki nikisikiliza malori ya Waiyaki
yakibadilisha gia mlimani.

Jumamosi moja ya Julai, baridi ya kung'ata masikio,
nilirudi na mtungi wa maji nikasikia
ngo! ngo! ngo!
Ameketi sakafuni, gorogoro kati ya magoti,
mchi wangu wa vitunguu saumu mkononi.
"Mama, limeumia. Tumbo limeingia ndani.
Ninalitoa."

Hasira ilinipanda, sitaficha. Mkono ulikwisha inuka.
Naye akanitazama bila kujikinga.
"Kwani nani aliligonga?"

Askari wa kanjo nimewajibu. Mchungaji nimemjibu.
Swali hili lilinikuta sina hata uongo wa akiba.
"Ni mimi."
Akafikiri kidogo. "Si panya?"
"Si panya."
"Basi sema samahani,"
akarudi kwenye kazi yake.

Nikayaita yale majina marefu. Halikuja hata moja.
Nikapiga magoti kwenye maji niliyoyamwaga
nikasema maneno matano ya mtoto,
na meno yakagongana, sijui kwa baridi au kwa nini.

Jumatatu, wa kwanza alikuwa Mzee Asava, fundi viatu.
Akaupima mfuko kwa mkono. "Mama, leo umekosea.
Umenizidishia."
"Leo ndiyo sijakosea, mzee."
Akatazama gorogoro. Akalipindua.
Akapapasa kitako kwa kidole chenye gundi,
akafunga mfuko wake mafundo mawili, akaenda.
Hakunitukana. Kunisamehe pia hakunisamehe.

Zakayo, tunasoma, alirudisha mara nne.
Labda Zakayo alikuwa na daftari. Mimi nina nyuso tu:
yule dada wa chapati amehamia Kitale,
na Mama Ayuma tulimzika Februari, Lang'ata,
nami ndiye niliyebeba maua.
Konzi zake nimpelekee nani?

Naongeza konzi juu ya kila mfuko, na bado haitoshi.
Hata bati halikunyooka sawasawa;
lina mikunjo pale mchi ulipopita,
na ukipitisha mkono ndani, linakukwaruza.

Usiku Nafuna amejifunika mpaka puani.
"Mama, yako bado."
Nazima taa.
Naanza na jina langu.